Saa ya mkononi ya bei nafuu hapa Mbeya: anza na mkanda

Kila mwaka mtihani wa kidato cha nne unapokaribia, walimu wenzangu hunijia na swali lilelile: "Mwalimu, ninunue saa gani isiyonimaliza mfuko?" Msimamizi haingii na simu kwenye chumba cha mtihani, na saa ya ukutani darasani mara nyingi imesimama tangu muhula uliopita. Hapo ndipo mtu anapokumbuka kuwa mkono wake ni mtupu.

Nimenunua saa za bei nafuu kwa miaka kumi na mbili sasa, nyingi Mwanjelwa na Kabwe, nyingine Makambako nikiwa safarini. Nimewanunulia pia ndugu zangu wa Tukuyu na mama mdogo aliyeko Njombe. Katika muda wote huo nimeona jambo moja likijirudia. Huku Nyanda za Juu saa ya bei nafuu haifi kwa sababu mashine yake imechoka. Inakufa siku mkanda unapokatika, au siku inapofunguliwa kubadilishwa betri. Kwa hiyo kabla sijaangalia uso wa saa, namuuliza muuzaji: mkanda huu ukikatika, nitapata wapi mwingine?

Jibu unaweza kulisoma mwenyewe. Igeuze saa uangalie yale masikio mawili yanayoshika mkanda kila upande. Kama yamenyooka, na mkanda umeshikwa na pini ya springi ya kawaida, weka rula katikati ya masikio upime. Mara nyingi utapata milimita 18, 20 au 22, na mikanda ya vipimo hivyo imejaa mezani kwa wamachinga. Lakini kama mkanda umechongwa kwa umbo lake, una meno au nusu duara inayoingia ndani ya kasha, ujue utategemea mkanda wa kiwanda kilekile, na huo hautaupata kirahisi hata Mbeya mjini, sembuse Makete au Ludewa. Nimepanga saa hizi kwa kipimo hicho.

Ya kwanza kwangu ni Casio F-91W, lakini iwe halisi. Ilitoka mwaka 1989 na mpaka leo inatengenezwa vilevile. Ina uzito wa gramu 21 tu, ukiivaa unaisahau. Betri yake ni CR2016, na kiwanda kinasema hudumu takriban miaka 7. Inaweza kupotea sekunde 30 kwa mwezi, mbele au nyuma, na kwa mtu anayeirekebisha mara moja kila mwezi hilo si tatizo. Mkanda wake wa asili ni wa plastiki laini na una umbo lake, lakini ukikatika unapitisha mkanda wa nailoni wa milimita 18 na maisha yanaendelea. Hiyo ndiyo sababu nimeipa nafasi ya kwanza.

Tatizo ni feki. Ya kwanza niliyonunua, kwa shilingi elfu kumi, ilikuwa feki na sikujua. Baada ya miezi minane mkanda ulipasuka pale unapokutana na kasha, nikiwa nashuka kwenye daladala Uyole mvua inanyesha, saa ikazama kwenye tope. Halisi niliyoivaa baadaye nililipia karibu elfu hamsini, na bado iko mkononi. Ukiwa dukani, bonyeza kitufe cha upande wa kulia na ukishikilie sekunde tatu au zaidi: halisi inaandika CASIo kwenye kioo. Usiishie hapo, maana baadhi ya feki nazo zimefundishwa kuandika hivyo. Angalia nyuma: mfuniko wa chuma unashikwa na skrubu nne ndogo na umechapwa namba 593, maandishi yake makali na yaliyonyooka. Washa taa: ya halisi ni ya kijani hafifu, inatokea upande wa kushoto. Ukiona taa ya buluu kali, rudisha. Kisha ukunje mkanda. Wa halisi unarudi wenyewe polepole. Wa feki ni mgumu na una harufu kali ya plastiki. Kupambana na bidhaa bandia ni kazi ya Tume ya Ushindani, FCC, lakini pale mezani mlinzi wa kwanza ni macho yako, na risiti. Asiyetaka kukupa risiti, mshukuru uondoke.

Kwa walimu: F-91W hulia kila saa kamili ikiwa imewashwa hivyo. Zima mlio huo nyumbani kabla ya kuingia kusimamia. Mtoto anayehangaika na hesabu hahitaji kushtuliwa.

Ya pili ni saa ya betri yenye mishale, ya Q&Q au ya Casio, alimradi masikio yake yamenyooka. Q&Q ni jina la saa za bei nafuu za kampuni ya Citizen ya Japani, na ni imara kuliko bei yake. Kwa wazazi wetu hii ndiyo ya kwanza, wala si ya pili. Nilijifunza hilo kwa mama mdogo. Nilimpelekea saa ya namba, nikaona nimempa zawadi ya maana. Baada ya wiki akanipigia: "Mwanangu, hii saa inaniambia saba, na mimi najua ni saa moja. Kila mara nikiangalia lazima nitoe sita. Nimechoka na hesabu." Alikuwa na haki. Kwenye saa ya mishale sisi tuliolelewa na Kiswahili hatutoi kitu: mshale mfupi ukiwa kwenye 7, jicho linaruka upande wa pili kwenye 1, basi ni saa moja. Bibi zetu walisoma hivyo bila kwenda shule. Nikambadilishia, na hadi leo analima viazi nayo. Binamu yangu muuguzi naye hataki nyingine, kwa sababu anahesabu mapigo ya moyo kwa mshale wa sekunde.

Udhaifu wake ni betri. Nyingi hutumia kidonge kidogo cha SR626SW, ambacho pia huandikwa 377. Kuna mwenzake wa bei ya chini, LR626, anaingia palepale na saa inatembea. Tofauti ni kwamba SR ni ya oksidi ya fedha, nguvu yake inabaki sawa karibu mpaka mwisho. LR inashuka taratibu, saa inaanza kuchelewa, na ikikaa sana inavuja na kula mashine. Tofauti ya bei ni shilingi chache sana ukilinganisha na saa nzima. Ukiona mshale wa sekunde unaruka sekunde mbili au nne kwa pamoja badala ya moja, kwenye saa nyingi hiyo ni ishara kuwa betri inaisha. Usisubiri izimike.

Hapa nieleze kilichonipata. Fundi mmoja wa barabarani alinibadilishia betri kwa dakika mbili, nikafurahia haraka yake. Siku tatu baadaye nilikuwa Tukuyu, mvua ile ya Rungwe isiyo na mapumziko, na asubuhi kioo cha saa kilikuwa kimejaa ukungu kwa ndani. Niliporudi mjini nikaipeleka kwa mzee mmoja fundi saa pale Kabwe.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwalimu. Nani aliifungua hii?"

Alikuwa na kioo chake cha jicho, ameinama juu ya kijimeza kisichozidi upana wa daftari. Akanitolea kwa kibano ule mpira mwembamba unaozunguka mfuniko. Ulikuwa umebanwa vibaya, umekatika sehemu moja, upenyo mdogo kama unywele. Maji hayahitaji zaidi ya hapo. Akanionyesha na betri: LR, tayari ina unga mweupe pembeni. "Mwambie fundi akuonyeshe mpira kabla hajafunga," akasema. "Akikasirika, chukua saa yako." Tangu siku hiyo naomba kuonyeshwa, na sijapata ukungu tena.

Ya tatu ni kwa wanaoishi na maji: bodaboda, waosha magari, wakulima wa mpunga wa Kyela. Chukua Casio W-800H, au saa nyingine iliyoandikwa mita 100 au bar 10. Lazima tuelewane kuhusu maandishi haya. Saa iliyoandikwa tu WATER RESIST, bila namba, inavumilia jasho na manyunyu, basi. Mita 30 haimaanishi unaweza kupiga mbizi mita 30. Ni shinikizo lililopimwa kiwandani saa ikiwa imetulia, haikuhesabu mkono unaopiga maji wala mpira uliozeeka. Kuanzia mita 100 ndipo unaweza kuogelea nayo Ziwa Nyasa bila hofu. W-800H betri yake hudumu takriban miaka 10, na tarakimu zake ni kubwa. Rafiki yangu wa bodaboda hapa Uyole anaosha pikipiki kila jioni akiwa ameivaa. Ingekuwa ya pili kwangu, ila mkanda wake ni wa umbo lake. Mkanda wa kawaida haukai vizuri. Ukiinunua, agiza na mkanda wa akiba kwa mtu anayetoka Dar.

Seiko 5 ya mtumba naipa nafasi ya nne, na najua wapo watakaonuna. Ni saa tamu. Haina betri, inajijaza kwa mwendo wa mkono, na ukiivua ikiwa imejaa inatembea kama saa 40 hivi. Tatizo ni kwamba nyingi zinazouzwa huku zimeungwa: uso wa hii, mishale ya ile, kasha lililosuguliwa mpaka kona zimeyeyuka. Kipimo rahisi ni mshale wa sekunde. Mashine ya 7S26, iliyo kwenye nyingi kati ya hizo, hupiga mara 21,600 kwa saa, yaani mara sita kila sekunde, kwa hiyo mshale unateleza. Ukiruka mara moja kwa sekunde, umeletewa saa ya betri ndani ya kasha la Seiko 5. Hata ikiwa halisi, weka akiba ya fedha za usafi, na hakikisha unamjua fundi anayeziweza kabla hujalipa.

Casio A158W, ile ya rangi ya fedha, inapendeza na suti, lakini kasha lake ni plastiki iliyopakwa rangi ya chuma, na rangi hiyo hutoka kwenye kona kadiri unavyoigusisha meza. Mkanda wake wa chuma unavuta vinyweleo. Kwa harusi na kanisani inafaa. Saa za dhahabu zisizo na jina, na zile za kioo cha kugusa zinazouzwa kwa bei ya kilo chache za nyama, mimi sinunui na sikushauri.

Sasa mikanda. Kwa mvua yetu na baridi ya Juni na Julai, nailoni inashinda zote. Tafuta ile ya kipande kimoja inayopita chini ya saa kupitia pini zote mbili. Asili yake ni jeshi la Uingereza, Wizara yao ya Ulinzi iliiwekea viwango mwaka 1973, na ubora wake ni huu: pini moja ikichomoka, saa inabaki imening'inia kwenye pini ya pili badala ya kuanguka. Inafuliwa kwa sabuni ya kipande na kukauka karibu na jiko. Angalia tundu zake ziwe zimechomwa kingo kwa moto, si kukatwa tu, la sivyo zitachanika nyuzi ndani ya mwezi.

Silikoni inafuata, laini, haiogopi maji, ila inanasa vumbi la Mbarali kama sumaku. Chuma ni imara, lakini lazima ipunguzwe vipande na fundi, na alfajiri ya Njombe inakuamsha kwa ubaridi. Ngozi halisi ni nzuri kwa anayeshinda ofisini Iringa mjini. Ikilowa mara kwa mara inanuka na kukakamaa. Ya mwisho kabisa ni ngozi bandia. Ile polyurethane inayopakwa juu huvunjwa na unyevu, hata ikiwa kabatini haijavaliwa. Nilinunua tatu kwa mpigo kwa sababu zilikuwa rahisi. Ya tatu niliitoa kwenye mfuko wake wa nailoni ikiwa tayari inabanduka magamba.

Kubadilisha mkanda unaweza mwenyewe. Tandika taulo mezani, geuza saa kifudifudi, ingiza ncha ya kisu kidogo kati ya mkanda na sikio, usukume bega la pini kuelekea katikati. Kidole gumba cha mkono wa pili kifunike mahali hapo wakati wote, kwa sababu pini ina springi na ikiruka hutaiona tena. Ukirudisha, sikiliza mlio mdogo wa kuingia, kisha vuta mkanda kwa nguvu mara mbili kila upande. Pini nzuri za zamani usizitupe. Zangu ziko kwenye kiberiti kitupu juu ya kabati, za milimita 18 na za milimita 20, na mwezi uliopita mbili kati yake zilisafiri na basi la Njombe pamoja na mkanda mweusi wa nailoni wa mama mdogo.