ForeRunner ASX-200BX: swichi ya ATM kwa sauti, video na data

Swichi hii ya kampuni ya FORE Systems ni ya mtandao wa ATM (Asynchronous Transfer Mode, si mashine ya pesa). Hupitisha gigabiti 2.5 kwa sekunde, zote kwa seli, yaani vipande vya ukubwa mmoja wa baiti 53: 5 za kichwa, 48 za mzigo. Kwa sauti ni bora kabisa. Simu ya kilobiti 64 hujaza seli kwa milisekunde 6 tu, na ukiipa daraja la CBR (kasi isiyobadilika iliyotengwa) haikwami nyuma ya faili kubwa. Video ipe VBR (kasi inayobadilika).

Tatizo ni data. Pakiti ya baiti 1500 huwa seli 32. Ikipotea moja tu, pakiti yote hutumwa upya na msongamano unazidi. Kwa hiyo washa EPD (Early Packet Discard, kutupa pakiti mapema) kwenye njia za UBR (daraja lisilo na kasi ya uhakika), ili foleni ikijaa swichi itupe pakiti nzima badala ya vipande. Vichwa hula zaidi ya asilimia 9 ya laini, gharama ambayo sauti inaistahili, barua pepe haiistahili.