Vyuma vya kufungia pia ya goti: waya, skrubu au bamba?

Bodaboda ikianguka na goti likapiga lami, pia ya goti (mfupa mdogo unaofunika goti kwa mbele) mara nyingi hupasuka kwa kukingama, kisha msuli wa paja ukavuta kipande cha juu. Pengo kati ya vipande likifika milimita 3, uso wa ndani (unaosuguana na mfupa wa paja) ukiwa na ngazi ya milimita 2 au zaidi, au majeruhi akishindwa kuinua mguu ulionyooka, kwa kawaida hogo peke yake halitoshi. Hapa tunavipima vyuma kwa mahitaji ya mkazi wa Dar es Salaam: anayepiga magoti msikitini au kanisani, anayekaa mkekani, anayebanwa kwenye kiti cha daladala.

Pini mbili na waya ndiyo njia kongwe, na vifaa vyake ni vya bei nafuu kuliko vyote. Pini za milimita 1.6 hadi 2.0 hupitishwa sambamba kutoka ncha moja ya pia hadi nyingine, kama milimita 5 chini ya uso wa mbele. Waya wa chuma cha pua wa milimita 1.0 au 1.25 huzungushwa mbele kwa umbo la nane na kusokotwa pande zote mbili ili mkazo ulingane. Kazi huharibikia pale waya unapopita nyuma ya pini. Sharti uguse mfupa. Nyama ya kano ikibaki katikati, mgonjwa akianza kukunja goti waya huikata, hulegea, na ufa hufunguka ilhali eksirei ya siku ya upasuaji ilikuwa safi. Kinga yake ni rahisi: sindano nene ya kanula (ya kuwekea dripu), geji 14, hupenyezwa kwenye kano huku ikikwaruza mfupa, na waya hupita ndani yake. Ncha za juu za pini zikunjwe, zielekezwe nyuma na kupigiliwa zizame. Zisipozama, pini huchomoza na kuchoma ngozi. Hata kazi ikiwa nzuri, vyuma hivi huuma wakati wa kusujudu, na wengi hurudi kuvitoa. Hiyo ni gharama ya pili, ambayo bei nafuu ya mwanzo haiionyeshi.

Kwa pia iliyogawanyika vipande viwili vikubwa na mfupa ulio imara, sisi tunachagua skrubu mbili zenye tundu, za milimita 4.0, waya ukipitishwa ndani yake. Katika majaribio ya maabara mchanganyiko huu umeshika vizuri kuliko pini na waya, na hauachi ncha zinazochomoza. Hesi (mizunguko ya skrubu inayong'ata mfupa) ziwe upande wa ncha tu, na zote zivuke ufa. Zikibaki pande zote mbili za ufa, skrubu haivutanishi vipande. Urefu ndio mtego wake mkubwa. Ncha ikitokeza nje ya mfupa, waya hupinda juu ya hesi kali na kukatika, kwa hiyo skrubu iishie milimita 1 au 2 kabla ya ukingo. Waya wa milimita 1.0 hupita tunduni kwa urahisi kuliko mnene. Kwa mzee mwenye mifupa laini hatuipendekezi, maana hesi hukosa pa kushika.

Pia iliyosagika vipande vingi inahitaji bamba jembamba lenye skrubu zinazojifunga kwenye bamba lenyewe, za milimita 2.4 au 2.7. Ni ghali, lakini hapo waya hushindwa. Ncha ya chini ikimeguka vipande vidogo, nyuzi imara zisizoyeyuka zinazopitishwa kwenye vitundu ndani ya pia hufaa zaidi.

Kwa chuma chochote, daktari apapase uso wa ndani kwa kidole, apige eksirei ya goti kwa ubavuni mgonjwa akiwa bado mezani, na ashone tando za kando ya pia zilizochanika. Kuziacha ni kuutwisha waya mzigo wote.

Kabla ya kusaini fomu, iwe ni Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI) au hospitali binafsi, uliza chuma gani kipo na bima inalipia kipi. Ukiruhusiwa kutoka, omba aina, kipimo na kampuni ya skrubu viandikwe kwenye karatasi zako: siku ya kuvitoa, bisibisi isiyolingana na kichwa cha skrubu hukitafuna, na kazi fupi huwa ya kuchimba mfupa.