Mafuta ya mwarobaini yaliniunguzia bamia, na muuzaji akanicheka

Nilikuwa najizuia kuandika, lakini jana nimepita tena mbele ya lile duka la pembejeo hapa Dodoma, hasira ikarudi upya.

Bamia zangu za uani zilivamiwa na wadudu mafuta. Ukigeuza jani unawakuta wamebanana kama ufuta, jani limejikunja, linanata, na sisimizi wanapanda na kushuka shinani wakifuata ule utamu wanaoutoa. Dawa kali sikutaka, mjukuu wangu anashinda humo humo bustanini. Nikanunua chupa ya mafuta ya mwarobaini, nikamuuliza kijana natumiaje. "Changanya na maji upulizie, mama." Basi. Macho hayakutoka kwenye simu.

Nikapulizia saa sita mchana. Kumbe mafuta yalikuwa yameelea juu ya maji: bomba likatoa maji matupu, mwishoni likatema mafuta yenyewe. Mstari wa mwisho majani yaliungua, pembeni yakawa kahawia na kukatikia mkononi. Mstari wa kwanza wadudu waliendelea kufyonza kama kawaida.

Nikarudi na jani mkononi. Akaliangalia, akacheka mbele ya wateja: "Mama yangu, dawa za asili hizo ni za kujifurahisha. Chukua hii ya kuua." Kanicheka! Mtu mzima, na pesa yake nimemlipa.

Nikaapa mwarobaini sigusi tena. Hapo nilikosea. Jirani yangu hutwanga kokwa za mwarobaini zilizokaushwa kivulini, gramu 50 kwa lita moja ya maji, analaza usiku kucha, anachuja, anatia sabuni ya mche kidogo, anapulizia jua likishazama maana jua kali huiua nguvu dawa. Na anapulizia chini ya majani, waliko wadudu. Hawafi papo hapo, wanaacha kula na kukua kwao kunavurugika. Nikamuiga, na niliporudia mara ya tatu hivi, majani machanga yalitoka yamenyooka.

Nilitaka kumalizia kwa kusema mafuta ya dukani msinunue. Siwezi. Yaliyobaki kwenye chupa nimeyakoroga na sabuni, nikapulizia jioni, nayo yamefanya kazi. Hilo ndilo linaloniuma zaidi. Sabuni, na jioni. Angenitamkia hayo tu, nisingeng'oa mashina kumi na mawili ya bamia yaliyokwisha kutoa maua.