Chujio la kiyoyozi nililolikata mwenyewe: uzoefu wangu baada ya misimu miwili

Chujio la zamani liliniishia mkononi. Nilikuwa nimefungua kava ya darini kwenye gari-nyumba letu, ile yenye matundu inayovuta hewa kwenda kwenye kiyoyozi cha paani, nilifue kama kawaida. Kulishika tu, likabomoka kama jani kavu. Sponji ikizeeka huwa hivyo. Unga wake ulikuwa umeshaingia hadi kwenye mapezi (vibati vyembamba) ya koili, yaani mabomba ya baridi yanayopoza hewa, nikautoa kwa brashi laini, taratibu, maana mapezi yale hupinda hata kwa kidole.

Machujio ya modeli yetu hayatengenezwi tena, kwa hiyo nikaamua kukata la kwangu.

Mara ya kwanza nilikosea. Mwanangu ana pumu, na mawazo yangu yote yalikuwa kwenye vumbi. Nikachukua kitambaa kinene cheupe cha kuchujia hewa, kile cha mifumo mikubwa ya nyumbani, nikiamini kwamba kadiri kinavyonasa vumbi laini ndivyo tutakavyolala salama. Usiku wa pili upepo ulianza kufifia. Feni inanguruma, lakini ukiweka kiganja kwenye tundu la hewa husikii kitu. Nikafungua kava nikamulika tochi: koili yote nyeupe, imefunikwa barafu. Tulipozima, barafu ikayeyuka na maji yakadondokea kwenye shuka.

Sababu ni hii. Koili inataka hewa yenye joto ipite juu yake muda wote. Hewa ikipungua, koili inapoa hadi chini ya nyuzi 0, na unyevu ambao ungechuruzika kwenda nje kupitia paani unaganda palepale. Barafu nayo inaziba njia zaidi. Ukiendelea kukiwasha katika hali hiyo unaihatarisha kompresa, ile pampu inayozungusha gesi ya kupozea, kwa sababu gesi hiyo inaweza kuirudia ikiwa bado kimiminika. Feni za viyoyozi vya paani hazina nguvu ya kuvuta hewa kwenye kitambaa kizito, basi. Ikikutokea, zima ubaridi, acha feni peke yake mpaka barafu iishe.

Mara ya pili nilichukua sponji ya kuchujia yenye matundu wazi, unene wa milimita 6 hivi. Kipimo changu ni rahisi: iinue kwenye mwanga, kama huoni mwanga ukipenya, iache. Sponji ya magodoro haifai hata kidogo.

Kazi yenyewe ilikuwa ya dakika chache. Niliweka fremu ya kava juu ya karatasi, nikachora, nikaongeza milimita 3 kila upande ili kipande kikae kwa kubana, kisha nikakata kwa mkasi mrefu. Usikate kwa mikato midogomidogo, ukingo utakuwa na meno. Hizo milimita 3 nazisisitiza, kwa sababu hewa hufuata njia nyepesi: ukiacha mwanya pembeni, vumbi linapita hapohapo na kwenda kunata kwenye koili yenye unyevu. Na kabla hujagusa chochote huko juu, kata umeme.

Matokeo yamenifurahisha kwelikweli. Mchana mmoja wa joto nilipima: hewa inayoingia nyuzi 29, inayotoka 18. Barafu sijaiona tena tangu hapo. Nalifua kila wiki mbili tunapokuwa safarini, kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, nalibonyeza bila kulisokota, nalianika kivulini hadi likauke kabisa. Shiti moja ya sponji ilinipa vipande vinne, kwa hiyo kimoja kikiwa kwenye kamba kingine kiko kazini.

Kasoro ipo. Sponji hii inanasa nywele, manyoya na vumbi la kuonekana. Vumbi laini sana na moshi vinapita. Kwa ajili ya kifua cha mwanangu tumeweka kisafisha hewa kidogo karibu na kitanda chake, chenye feni na chujio lake lenyewe, na kazi hiyo nimeacha kukibebesha kiyoyozi. Pia kipande cha kwanza kilianza kulegea katikati baada ya msimu mmoja. Nilikibadilisha, na safari hii nikatandika chini yake wavu mwembamba wa plastiki. Hadi leo hakijashuka.