Uzoefu wangu na Sansa Clip+: kicheza muziki kidogo cha kubana kwenye kola

Fundi cherehani anaponunua kicheza muziki, swali la kwanza ni moja tu: naweza kukiendesha bila kukitazama? Nashona Ngamiani, Tanga. Mikono yote miwili iko kwenye kitambaa, macho yako kwenye sindano, na miguu iko kazini chini ya meza. Simu ina shughuli zake: wateja, malipo, picha za mishono. Nikiitumia kwa muziki, kila anayepiga anaukata wimbo katikati, na jioni chaji inakwisha wakati kuna mtu bado hajanilipa.

Kwanza nilipitia vile vidogo visivyo na jina vinavyouzwa kwenye vibanda vya simu. Bei yake ni nafuu, na kwa sauti sina ugomvi navyo. Kilichonichosha ni mpangilio wa nyimbo. Mimi ni mtu wa dansi la zamani na taarabu ya hapahapa Tanga: Jamhuri Jazz, Atomic Jazz, Black Star, Lucky Star, halafu rumba ya Kongo kwa wingi. Enzi za santuri ndogo za mizunguko 45, wimbo mrefu uligawanywa mara mbili, sehemu ya kwanza upande mmoja na ya pili upande wa nyuma. Waliozihamishia nyimbo hizo kwenye kompyuta mara nyingi waliziacha zimegawanyika vivyo hivyo. Basi kile kifaa kikawa kinanipigia sehemu ya pili kwanza. Magitaa yanachachamaa, watu wako kwenye kilele, na hujasikia hata ubeti wa mwanzo. Kwa anayeupenda muziki huu, hilo si jambo dogo.

Kijana anayeingiza nyimbo jirani na mimi ndiye aliyenifafanulia. Vifaa vingi vya bei ya chini havisomi majina ili kuyapanga. Hupiga mafaili kwa zamu yalivyoandikwa kwenye kadi ya memori, na kompyuta inaponakili folda nzima kwa mkupuo, zamu hiyo inaweza kuvurugika. Ukikwama hapo, futa kila kitu kisha nakili wimbo mmoja mmoja kwa mfuatano unaoutaka, au tumia programu ndogo ya bure iitwayo FATSort, inayopanga upya orodha iliyo ndani ya kadi. Na unapoyapa mafaili namba, andika 01, 02, 03. Ukiandika 1, 2, 3, vifaa vingi vitaiweka 10 mbele ya 2.

Clip+ niliyonayo sasa aliniletea dada yangu kutoka Muscat, ikiwa imeshatumika. Kampuni ya SanDisk waliitoa mwaka 2009 na siku hizi haitengenezwi tena, kwa hiyo anayeitaka ataipata mkononi mwa mtu. Ukubwa wake unakaribia kiberiti, nyuma ina kibanio, na nikiibana kwenye kola nasahau kama ipo. Ina sehemu ya kuchomeka kadi ndogo ya memori. Skrini yake ni nyembamba: mstari wa juu unaandika kwa njano, chini yote ni buluu. Haina rangi nyingine wala picha ya msanii, na sijawahi kuzihitaji.

Vitufe ndivyo vilivyoniteka. Vya mbele vimezunguka mraba, na kidole gumba kinausoma ule mraba hata gizani: kulia wimbo unaofuata, kushoto uliopita, juu unasimamisha. Sauti ina kitufe chake cha pembeni. Nikiwa nimeshika shingo ya gauni kwa mkono mmoja, napandisha mkono mwingine kwenye kola, nabonyeza, narudi kazini. Skrini ya kugusa haiwezi kukupa hilo, maana kioo ni laini kote na kidole hakijui kiko wapi.

Kisha tukaiwekea Rockbox, programu ya bure inayoingia kwenye vifaa kadhaa vya zamani, Clip+ ikiwemo, bila kuifuta programu yake ya asili. Tangu hapo naingia kwenye folda zangu kama nilivyozipanga kwenye kompyuta, na sehemu ya kwanza inatangulia ya pili kama Mungu alivyokusudia. Ukizima katikati ya wimbo, ukiwasha unaweza kuendelea palepale.

Lakini kipengele ninachokishukuru zaidi ni kile cha kuunganisha sauti za pande mbili kuwa moja. Sikio langu moja lazima libaki wazi, mteja akibisha hodi nimsikie. Sasa, katika rekodi nyingi za stereo, gitaa la solo limewekwa upande mmoja na la ridhimu upande mwingine. Ukivaa hedifoni ya kushoto peke yake, unasikia nusu ya bendi. Nilipochagua mono, yale magitaa mawili yakakutana sikioni mwangu yakijibizana, na nyimbo nilizodhani nazijua zikawa na mambo mapya ndani yake. Ukiwa unafanya kazi huku ukisikiliza kwa sikio moja, uliza kwanza kama kifaa kina mono. Wauzaji wengi hawatakuelewa, kwa hiyo itafute mwenyewe kwenye mipangilio ya sauti.

Redio ya FM ipo, na waya wa hedifoni ndio antena yake. Ukiukunja mfukoni, stesheni inakoroma. Ukiuacha uning'inie, inatulia. Wasiotumia waya kabisa wajue Clip+ haina Bluetooth.

Kuhusu ukubwa wa memori, nadhani watu tunatishwa na namba. Nyimbo zilizotolewa kwenye kanda za zamani hazina cha kupoteza kikubwa zikiwa MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde, na kwa kiwango hicho dakika moja inachukua karibu megabaiti 1. Gigabaiti 8 zinabeba zaidi ya saa 130. Bora uhangaikie uhalisi wa kadi. Sokoni zipo kadi zilizoandikwa 64GB ambazo ndani ni ndogo mno. Zinapokea nyimbo zote bila kulalamika, kisha nusu yake hazifunguki. Programu ya H2testw kwenye Windows huijaza kadi na kuisoma tena mpaka ukweli ujulikane. Inachukua muda, lakini ifanye kabla hujahamishia kanda za marehemu baba yako.

Upande wa udhaifu, betri imefungiwa ndani. SanDisk walitangaza saa 15 kwa kifaa kipya, na kilichotumika miaka mingi hakiwezi kufika huko, ingawa changu kinanimalizia siku ya kazi. Waya wa chaji ni ule wa mini-USB wa kizamani, kwa hiyo ukipewa kifaa hakikisha unapewa na waya wake. Kwa atakayenunua kipya cha aina nyingine, nenda dukani na kadi yako yenye nyimbo tatu ulizozipa namba, na hedifoni yako. Zipige, uone zinafuatana. Zima, washa, uone inaanzia wapi. Halafu kiweke mfukoni na ujaribu kuruka wimbo bila kukitoa. Muuzaji akikataa usijaribu, maduka yako mengi.