Kidani cha saa cha 1912: nimekivaa miezi minane

Nianze kwa kukiri: saa yenyewe sina. Nina kidani tu, kile kipambo cha fedha ambacho wanaume wa Uingereza walikuwa wakikining'iniza kwenye mkufu wa saa ya mfukoni, mbele ya kizibao. Wenyewe hukiita fobu. Nilikinunua Jumamosi moja Portobello Road, London, kwa pauni 32.

Kina umbo la ngao, na katikati pamebandikwa duara jembamba la dhahabu nyekundunyekundu. Muuzaji aliniapia ni cha enzi za Malkia Victoria, akataka pauni 45. Nikatoa lenzi yangu (usiende sokoni bila lenzi) nikakigeuza nyuma, penye alama ndogo zilizogongwa na wakaguzi wa fedha. Simba anayetembea: fedha ya 925 kwa 1000. Nanga: kilikaguliwa Birmingham. Kisha herufi ya mwaka, n ndogo, ambayo kwa Birmingham ni ya 1912. Malkia alifariki 1901. Nikamwonyesha, akacheka, bei ikashuka papo hapo.

Chini ya alama hizo pamechorwa kwa mkono kwamba ni zawadi ya mchezo wa biliadi, 1913. Vidani vingi vya aina hii vilikuwa zawadi za mashindano, ndiyo maana ukivipekua utakuta majina ya watu na vilabu. Sonara mmoja alijitolea kunifutia maandishi, aweke herufi zangu. Nikamwambia aache. Mtu kashinda mechi yake, mimi ni nani nimfute?

Mkufu ndio ulionitia hasara. Niliuagiza mtandaoni, tangazo likisema ni fedha tupu. Mkufu wa kweli wa Kiingereza wa fedha kwa kawaida hugongwa alama kwenye kila pete, moja moja. Wangu ulikuwa na alama kwenye kile kijiti cha kupitisha tundu la kifungo, basi. Mwezi wa tatu pete zikaanza kuonyesha shaba. Kumbe wa kuchovya! Muuzaji hajajibu ujumbe hata mmoja hadi leo.

Jambo jingine ni kile kipete cha juu kinachoshika kidani. Baada ya miaka mia na zaidi ya kusuguana, changu kilikuwa kimelika hadi kuwa chembamba kama uzi. Kilikatika ndani ya basi, nikapiga magoti kukitafuta chini ya viti huku watu wakinyanyua miguu. Kubadilisha kipete ni kazi ya dakika tano kwa sonara. Fanyeni hivyo kabla ya kuvaa, si baada.

Kukisafisha, kitambaa laini kinatosha. Dawa ya meno msithubutu, inakwangua. Ule weusi wa kwenye mitaro ya nakshi uacheni, ndio unaoitoa nakshi ionekane.

Kwa mavazi, kinataka kizibao cha rangi moja na tai isiyo na makeke. Kwenye shati tupu kinaonekana kama ufunguo uliosahaulika.

Wikiendi iliyopita nilikivaa harusini. Mjomba akanivuta pembeni: "Hebu mwanangu, saa ngapi?" Nikavuta mkufu kutoka mfukoni kwa madaha yote. Upande wa pili nimefunga funguo za nyumba. Mjomba akazitazama, akanitazama, akatoa simu yake.