Fundi wa pini mdomoni, Mbuyuni Moshi: nyota nne

Haya jamani, mnaotafuta fundi wa suti Moshi kabla Wachaga hawajaanza kupanda kuja kuhesabiwa nyumbani sikukuu za Desemba, mi wangu nimempata na nampa nyota nne, ya tano ntawaambia huko chini kwa nini nimeibania. Yuko upande wa Mbuyuni, ulizia mzee wa suti mwenye cherehani ya kukanyaga utaonyeshwa. Hana bango, hana kadi, Insta ndo usiseme, ana kibaraza, pasi ya mkaa na daftari la shule lenye vipimo vya nusu ya mtaa. Mithali 27 inasema mwingine akusifu, sio kinywa chako, bas huyo mwingine leo ni mimi.

Nilifika kwake kwa aibu. Kijana wangu alikuwa anapata kipaimara Jumapili, miaka miwili ya mafundisho, na mimi kama mama nikataka akitoka kanisani watu wageuke. Nikaenda kwanza kwa fundi mwingine huko mjini, duka la vioo, feni mbili, ukutani kaandika Bwana ndiye mchungaji wangu na chini yake Mfalme wa suti Kilimanjaro nzima. Yule kaka ana mdomo! Hata futi hajashika ashaniambia anavalisha wakubwa, wengine wote Moshi hii ni mafundi wa mapazia, na Alhamisi saa nne asubuhi mzigo uko tayari, "mama we ihesabu imeisha." Na mimi nikampenda, tusidanganyane, nilimpenda kwa sababu tulikuwa tunaongea lugha moja, maana nilitoka pale nikaingia grupu la familia WhatsApp nikaandika subirini muone suti Jumapili, kuna watu watajificha. Nilikuwa namlenga wifi yangu, ambaye mwanae mwaka uliopita alivaa mtumba wa Kiboriloni na alipendeza tu.

Alhamisi saa nne hamna kitu. Saa kumi hamna kitu. Ijumaa jioni ndo napewa koti, mkono mmoja mfupi kuliko mwenzie, bega la kushoto limepanda kama mtu kabeba ndoo, bitana inachungulia nyuma, na hapo ni laki na ishirini ya kushona tu, kitambaa nilinunua mwenyewe. Nikafika nyumbani nikatupia stetasi, picha ya koti, jina la duka, na maneno ambayo hapa siyarudii. Nilimwita mwizi. Mwizi sio, ni mtu ambaye mdomo wake umeitangulia mikono yake mbali sana, lakini mwizi sio.

Jumamosi asubuhi nipo kwa mzee. Shikamoo mzee, marahaba mama, haya mvalishe kijana tuone. Akachukua pini nne tano akazibana midomoni, vichwa vinachungulia nje, akaanza kumzunguka mtoto polepole. Mimi naongea. Naongea na huku nasubiri, maana mafundi mnawajua, ukimpelekea kazi ya mwenzake lazima kwanza asikitike, nani kakuharibia hivi mama, hiyo ndo starehe yenyewe na nilikuwa na njaa nayo. Wapi. Anachomoa pini moja mdomoni, anabana begani, anarudi nyuma hatua moja, anatazama, anachomoa nyingine. Nikaona nimuulize kabisa, mzee hii si kazi mbovu hii? "Mm." Mpaka pini ya mwisho ilipotoka ndo akasema, "Mwenzangu alikuwa na haraka. Bega hili tulifungue." Akavuta wembe akaanza kukata uzi mmoja mmoja, taratibu, kama anaogopa kuliumiza koti.

Nilisikia uso unawaka. Wiki mbili nyuma mchungaji wetu alikuwa kwenye Yakobo sura ya 3, lijamu kwenye kinywa cha farasi, usukani mdogo na merikebu kubwa, halafu moto mdogo na msitu, akatukumbusha Oktoba 2020 tulivyokuwa tunasimama nje usiku tunaangalia mlima unaungua. Niliitikia amina kubwa kanisa zima likasikia, nikijua kabisa anamsema wifi. Na ile Zaburi ya 141, Daudi anaomba Bwana aweke mlinzi kinywani pake, miaka yote nilijua ni mlinzi wa matusi, majigambo sijawahi kuyafikiria kama yanapita mlango huohuo, nilidhani yale ni furaha ya mzazi. Stetasi nikaifuta palepale kwenye benchi, watu 63 washaiona. Ndo maana hapa duka silitaji, na msinifuate inbox kuniuliza.

Lini sasa mzee? "Leo jioni, Bwana akipenda." Mh, hapo nikanywea, maana kwetu fundi akikwambia Mungu akipenda ujue kitambaa chako hata hakijatolewa kwenye mfuko. Yakobo huyohuyo sura ya 4 anawasema wanaopanga leo au kesho twende mji fulani tufanye biashara tupate faida, utadhani alishawahi kupanga chumba Moshi, ila hakuna mahali kasema Bwana akipenda iwe kichaka cha kujifichia ukichelewa. Huyu hakuwa anajificha. Mchana umeme ukakatika mtaa mzima, ye na mkaa wake wala hana habari, saa kumi na moja na nusu suti ipo kwenye henga. Elfu ishirini.

Kazi yenyewe: bega limelala, bitana imerudi ndani, mikono kaisawazisha kwa kupunguza ule mrefu kwa hiyo yote imepanda kidogo na shati linaonekana zaidi ya inavyotakiwa, na aliniambia kabla hajakata kwamba itakuwa hivyo. Jumapili wifi akaja akamshika kijana mabega akasema mwanetu kapendeza. Nikasema asante wifi. Nilikuwa na sentensi nyingine ishafika kwenye meno.

Sasa ile nyota ya tano. Hana sehemu ya kubadilishia, kijana kavulia suruali nyuma ya pazia la kanga lisilofika chini, risiti hamna, na akiwa na pini mdomoni simu hapokei, na pini zipo mdomoni kutwa. Nenda mwenyewe, kabla ya saa tatu, na beba chenji.